Kinachomsukuma Maskini: Lulu ya Kino na Miiba ya Ochola

Kino, mvuvi maskini katika riwaya fupi ya John Steinbeck iitwayo The Pearl, hazamii baharini kutafuta utajiri. Anazamia ada ya daktari. Mwanawe mchanga, Coyotito, ameumwa na nge. Daktari wa mji wa La Paz amekataa kumtibu baada ya kuletewa malipo yenyewe, lulu ndogo nane zilizokunjamana zisizo na thamani. Na sasa mume na mke wamo ndani ya mtumbwi. Juana, mkewe Kino, hamwombi Mungu amponye mtoto. Anaomba ipatikane lulu ya kumlipa daktari, ili daktari amponye. Umaskini umeingia hadi ndani ya sala: hata muujiza anaouomba mama huyu sharti upitie kwanza mfukoni mwa mtu mwingine. Msomaji anayepita hapa haraka huisoma vibaya hadithi yote inayofuata.

Na wengi hupita haraka. Kwa miaka kadhaa The Pearl ilikuwa miongoni mwa vitabu vya hiari vya fasihi kwa watahiniwa wa KCSE nchini Kenya, na jibu lililozoeleka kuhusu maudhui yake lilikuwa neno moja: tamaa. Mvuvi alipata lulu, akaingiwa na tamaa, akampoteza mwanawe. Jibu hilo linakaririka upesi, lakini linamwonea Kino. Mambo anayoyataka yametajwa kitabuni waziwazi, moja baada ya jingine: kufunga ndoa kanisani, nguo mpya, chusa badala ya lile lililopotea, bunduki, na shule kwa mtoto. Hamna jumba humo, hamna watumishi wala shamba kubwa. Ndoa ya kanisani ameikosa kwa sababu hakuwa na cha kumlipa padri. Chusa ni kifaa cha kazi. Bunduki ndiyo pekee inayovuka mpaka wa mahitaji, na Steinbeck anaiweka pale makusudi, maana mtu aliyezoea kudharauliwa akithubutu kutamani bunduki, hakuna tena kitu asichoweza kukitamani. Lakini kilele cha yote ni shule. Kino anataka mwanawe asome ili siku moja aweze kuwaambia wazazi wake kama yaliyoandikwa vitabuni ni kweli au si kweli.

Sababu ya kutaka hivyo inaonekana muda si mrefu. Habari za lulu zikishaenea, daktari yuleyule anakuja mwenyewe hadi kibandani, anampa mtoto dawa ya unga, mtoto anaugua vibaya, kisha daktari anarudi na "kumponya". Je, sumu ya nge ilikuwa bado mwilini? Juana alikuwa ameshaifyonza na kulibandika jeraha kwa mwani, na huenda mwani ule ulikwisha kufanya kazi yake. Ila tiba ya mwani haikuwa na heshima kwa sababu haikuwa na bei. Kino anashuku kuwa anadanganywa, na hana njia yoyote ya kuhakikisha. Kuiita tamaa hali ya baba anayesimama mbele ya mtoto wake asijue kama anatibiwa au anatiliwa sumu ni kumtwisha maskini lawama ya tajiri.

Steinbeck mwenyewe alifahamu tofauti hiyo vizuri. Kisa hiki alikisikia mwaka 1940, aliposafiri katika Ghuba ya California pamoja na rafiki yake Ed Ricketts, mtaalamu wa viumbe wa baharini, na akakigusia katika kitabu cha safari hiyo kilichotoka mwaka 1941. Katika masimulizi aliyoyapata La Paz, aliyeiokota lulu kubwa alikuwa kijana asiye na mke wala mtoto. Alitaka anywe pombe kadiri apendavyo, apate wanawake, kisha anunue misa za kutosha kuiokoa roho yake. Huyo ndiye angeweza kuhukumiwa kwa tamaa. Mwandishi alipokiandika upya, kwanza katika jarida mwaka 1945, kisha kama kitabu mwaka 1947, alimwondoa kijana yule na kumweka baba, mama na mtoto aliyeumwa. Mabadiliko hayo ni uamuzi wa mwandishi juu ya kinachomsukuma mhusika wake, na msomaji hana ruhusa ya kuyapuuza.

Lulu yenyewe haibaki ishara moja. Usiku wa kwanza Kino akiitazama anaona ndani yake mtoto akiwa shuleni. Baadaye, akiwa njiani anakimbia, akitafuta humo picha za zamani anakuta sura za mtu aliyemuua na mkewe aliyempiga. Mji mzima nao unaiona kila mtu kwa jicho lake: padri anakumbuka matengenezo ya kanisa, daktari anakumbuka maisha aliyoishi Paris, ombaomba wanakumbuka kwamba maskini aliyepata ghafla ndiye mtoaji mkarimu kuliko wote. Inaakisi anayeitazama. Jambo moja tu kuihusu halitegemei mtazamaji, nalo ni bei, na bei haimo mikononi mwa Kino.

Sura ya wanunuzi wa lulu ndiyo kiini cha kitabu. Wanaonekana wengi, kila mmoja na ofisi yake, wakishindana kumpata mvuvi. Kwa kweli wote ni mawakala wa tajiri mmoja. Wa kwanza anaisukuma lulu kwa kidole, anasema ni kubwa mno, haina soko, ni kitu cha makumbusho. Anatoa peso 1,000. Wenzake wanaitwa kuthibitisha, na kila mmoja anaishusha zaidi. Kino anapoichukua lulu yake na kuapa kuipeleka mji mkuu, bei inapanda papo hapo hadi peso 1,500. Kupanda huko ndiko kunakomthibitishia msomaji wizi. Wazee walikwisha kujaribu zamani kukusanya lulu zao na kumtuma mtu mmoja akauze mbali. Mjumbe wa kwanza alipotelea huko, na wa pili pia. Padri akageuza msiba huo kuwa mahubiri ya kila mwaka: aliyeumbwa mahali fulani asiache lindo lake.

Sura hiyo haihitaji maelezo mengi katika bichi ya Luanda Kotieno, huko Rarieda katika Kaunti ya Siaya, ambako feri huvuka mdomo wa Ghuba ya Winam kwenda Mbita. Samaki aitwaye mbuta akiletwa nchi kavu na kupasuliwa, katikati ya matumbo hutolewa mfuko mweupe wa hewa unaomsaidia kuelea. Hilo ndilo bondo. Huoshwa, hukaushwa, na safari yake huishia China na Hong Kong, ambako huhesabiwa kuwa chakula cha heshima. Kilo ya mabondo makavu huuzwa kwa bei inayoiacha mbali kilo ya nyama, na bondo la samaki mkubwa huthaminiwa zaidi kwa kilo kuliko la mdogo. Mvuvi wa mbuta basi naye huvua kitu ambacho thamani yake imefichwa tumboni, kama ilivyofichwa ndani ya chaza, na bei yake hupangwa na watu ambao hatawaona maishani.

Nyama yenyewe nayo ina historia hiyohiyo. Mbuta aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akajaa ziwani kuanzia miaka ya 1980, viwanda vya minofu vikasimama. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia, soko lilitikisika kwa uamuzi uliofanywa mbali kabisa na maji. Minofu ilipopakiwa kwenda ng'ambo, mtaa wa Obunga mjini Kisumu ulibaki na mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa iliyokwanguliwa, ambayo kina mama hukaanga na kuuza. Lulu ya Kino ingeweza kukaa mfukoni mwezi mzima isioze. Samaki hangojei. Mnunuzi anajua hilo, na ujuzi wake ni sehemu ya bei.

Kwa kuwa bei imo mikononi mwa wengine, mtumbwi wa Kino una uzito wa pekee miongoni mwa ishara za kitabu. Ulitoka kwa babu, ukapita kwa baba, ukamfikia yeye. Ndio mali pekee inayomhakikishia mwanamke kuwa mumewe ataleta chakula. Maadui wanapoutoboa, Steinbeck anauita uovu uliozidi kumuua mtu, kwa kuwa mtumbwi hauna wana wa kulipiza kisasi na jeraha lake haliponi. Katika ufuo ambako mwenye boti na mwenye nguvu za kuvuta nyavu tu hawagawani sawa, hakuna haja ya kuuliza mwandishi alitia chumvi kiasi gani.

Ziwa lina kisa chake cha mvuvi maskini aliyepata utajiri majini, kikongwe kuliko riwaya yoyote. Nyamgondho wuod Ombare wa Gwassi, upande wa Nyandiwa, alikuwa fukara. Siku moja nyavu zake zilimletea mwanamke mzee, asiyependeza macho. Alimpeleka nyumbani, na kuanzia hapo mifugo ikajaa bomani. Nyamgondho akaoa wake wengine, akazoea pombe, na usiku mmoja akamtukana yule mwanamke kwamba yeye ni kitu cha kuokotwa ziwani. Mwanamke akaondoka kurudi majini, na ng'ombe, mbuzi na kuku wakamfuata wote. Nyamgondho alibaki ufuoni ameegemea fimbo yake, akageuka mti.

Kisa hiki nacho husimuliwa kama onyo dhidi ya tamaa, na hapo pia neno halikai sawa. Nyamgondho hakupoteza mali kwa kutaka zaidi. Aliipoteza kwa dharau. Utajiri wake ulikuwa mtu, na mtu huheshimiwa au huondoka. Hadithi ya Simbi Nyaima, kijiji kilichozama karibu na Kendu Bay baada ya walevi wa karamu kumfukuza kikongwe mgeni, imejengwa juu ya msingi huohuo. Katika fikra za watu wa ziwa, mali ni uhusiano kwanza, idadi baadaye. Hapa ndipo njia ya kwao inapoachana na ya Steinbeck, ambaye lulu yake ni kitu kitupu kilichong'aa hadi wanadamu walipokijaza.

Grace Ogot alikulia katikati ya masimulizi hayo. Alizaliwa Asembo mwaka 1930, katika Rarieda hiyohiyo ya Luanda Kotieno. Nyanya yake alimsimulia ngano za Kijaluo, na baba yake alimsomea visa vya Agano la Kale. Alisomea uuguzi, akafanya kazi Uganda na Uingereza, akatangaza BBC, na baadaye akawa mbunge wa Gem na waziri msaidizi. Alipompelekea msimamizi wa shirika la uchapishaji la serikali ya kikoloni miswada yake ya awali, msimamizi alishangaa Mkristo kama yeye anaandikaje mambo ya kafara na waganga. Riwaya yake The Promised Land ilitoka mwaka 1966 kwa East African Publishing House, mwaka uleule Flora Nwapa wa Nigeria alipotoa Efuru. Inastahili kusomwa sambamba na The Pearl kuliko inavyosomwa, na shule za Kenya zingefaidika kuziweka meza moja.

Ochola, mkulima kijana wa Nyanza, anaoa mke anayeitwa Nyapol. Anasikia habari za ardhi tele Tanganyika, na jinsi watu waliohamia huko walivyotajirika. Nyapol hataki kwenda. Ochola anashikilia, wanahama, wanalima, ardhi inazaa kupita matarajio, na Ochola anatajirika. Jirani yao, mzee mwenye ujuzi wa dawa, anaingiwa na wivu. Ochola anapatwa na ugonjwa wa kutisha: ngozi yake inaota vinundu vigumu vilivyochongoka kama miiba. Hospitali inashindwa. Abiero, nduguye Ochola, anamtoa huko na kutafuta tiba ya jadi, na mganga aitwaye Magungu anamponya kwa sharti gumu: waondoke mara moja, warudi kwao, mali yote waiache.

Ukiuliza ni nini kilichomsukuma Ochola, jibu la tamaa linajipendekeza tena. Lakini uhamiaji wa Wajaluo kuelekea kusini, hadi Rorya na maeneo ya Musoma, ulikuwa jambo la kawaida la karne ya 20, na ulisukumwa na mambo yanayojulikana: mashamba yaliyogawanywa kati ya ndugu hadi yakabaki vipande, na kodi ya nyumba iliyomlazimisha kila mwenye boma kutafuta fedha. Waliohama walitoka katika nyumba za kawaida. Ochola anafanya hesabu ambayo maelfu waliifanya. Linalomtofautisha ni kwamba ameoa juzi tu, na mwanamume aliyeoa juzi hutazamwa. Umaskini wa Ochola unaonwa na baba, na ndugu, na wakwe. Kino anakimbia njaa na ujinga. Ochola anakimbia macho. Mtu wa aina hiyo akihama hataki tu kushiba. Anataka siku moja aonekane ameshiba, na kwa hilo anahitaji mashahidi ambao amewaacha ng'ambo ya ziwa. Ugenini utajiri wake unatazamwa na jirani ambaye hana sababu ya kuufurahia.

Mzee yule jirani mara nyingi hupitwa kama mchawi wa hadithi, na hapo kitabu hupungukiwa. Yeye ni mwenyeji anayemwona mgeni akifika mikono mitupu na kumpita katika misimu michache. Kwa Wajaluo wivu ni nguvu inayotambuliwa, ina mahali pake na dawa zake, na jamii imejiwekea njia za kuupoza: kugawa chakula, kukaribisha, kumwozesha binti, kumwita mwenzako mtani. Njia hizo zote zinahitaji ujamaa uliokwisha kujengwa. Familia iliyojikata na kujipandikiza upya haina akiba hiyo. Sihiri katika riwaya hii, iwe inaaminiwa au la, ni jina la hatari ya kutajirika pasipo jamaa.

Miiba ni ishara yenye nguvu kuliko lulu, na sababu ni mahali ilipoota. Jina la kitabu linatoka katika safari ya wana wa Israeli kuelekea Kanaani. Lakini katika Mwanzo, kabla Adamu hajafukuzwa bustanini, anaambiwa kuwa ardhi iliyolaaniwa itamzalia miiba. Binti aliyesomewa Agano la Kale na baba yake hakuokota picha hiyo njiani. Shamba la Ochola halina miiba. Linazaa vizuri mno. Miiba imehama kutoka udongoni ikaota juu ya mkulima mwenyewe, kana kwamba laana ya ardhi imemtafuta mtu aliyedhani ameikwepa. Upo pia usomaji wa karibu zaidi. Ua wa miiba ndio unaozunguka boma na kuzuia maadui. Ochola aliondoka ndani ya ua wa kwao, na sasa ua umemwotea mwilini: hakuna anayeweza kumkaribia, mkewe hawezi kumkumbatia. Utajiri uliokusudiwa kumleta karibu na heshima ya watu unamfanya asigusike.

Daktari wa Ogot si yule wa Steinbeck. Wa La Paz ni mwovu, tena wa rangi ya watawala, na Kino anapogonga lango lake anahisi karne nne za kupigwa na kunyang'anywa. Hospitali ya Tanganyika haina nia mbaya. Inakosa tu jina la ugonjwa uliotokana na uhusiano wa watu wawili. Wahakiki kadhaa walimlaumu Ogot kwa kumpa ushindi mganga. Lawama hiyo ingekuwa na uzito kama kitabu kingekuwa mjadala wa tiba. Magungu hamalizi kazi yake kwa dawa. Sharti la kuondoka ndilo tiba yenyewe, na ni uamuzi juu ya mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao. Hata baada ya kupona, kuiacha mali kunamwia Ochola vigumu, na ugumu huo unafanya hadithi iaminike. Mtu halii kwa ajili ya magunia ya nafaka. Analilia miaka aliyoiweka ndani yake.

Nyapol na Juana hulinganishwa kwa wepesi kwa sababu wote wawili walisema hapana. Juana anajaribu kuitupa lulu usiku, na mumewe anampiga ufuoni. Baada ya hapo Kino anaposhambuliwa na kumuua mtu, ni yeye anayeelewa kwanza kwamba maisha ya zamani yamekwisha na kwamba hakuna atakayeamini walikuwa wakijitetea. Anaficha maiti na kupanga safari. Upinzani wake ulikuwa hesabu, na hesabu ilipobadilika naye akabadilika. Nyapol anakataa kabla hata jambo halijaanza. Hofu yake ni ya mke mgeni katika boma, aliyeanza tu kuwazoea watu wa mumewe, anayeambiwa akaanze ugeni mwingine mahali ambako, akijifungua, hatakuwepo mwanamke wa kwao. Kauli yake haisikilizwi kwa sababu haina kiasi cha magunia. Ogot hampi nafasi ya kujisifu baadaye kwamba alionya.

Ndugu wa wahusika hawa ndio wanaoeleza kwa nini vitabu viwili vinaishia mbalimbali. Juan Tomás, kaka yake Kino, anawaficha nyumbani mwake siku nzima mtumbwi ukiwa umetobolewa na nyumba ikiwa imechomwa; anazunguka kwa majirani akiazima maharagwe, chumvi na kisu. Kisha anawaacha waende, kwa kuwa hawezi zaidi. Wanaofuata nyayo wanamfikia Kino milimani, risasi inampata Coyotito, na wazazi wanarudi mjini wakitembea bega kwa bega, si mume mbele na mke nyuma kama desturi, hadi majini. Kino anampa Juana lulu aitupe. Juana anakataa, anasema Kino ndiye aitupe. Abiero kwa upande wake anavuka kwenda kumtoa nduguye ugenini, na anafaulu. Upendo wa ndugu hawa wawili unalingana; tofauti iko kwa maadui. Adui wa Ochola ni jirani mmoja, na jirani mmoja anaweza kushindwa na ndugu, mganga na uamuzi wa kuondoka. Adui wa Kino ni soko zima, lenye mawakala wake, padri wake, daktari wake na bunduki zake, na dhidi ya hilo kaka mwenye maharagwe na kisu cha kuazima hatoshi.